Kaktasi inayojizika yenyewe kiangazi

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mgumu, nabeba mizigo ya wageni Kilimanjaro njia ya Marangu. Juzi mgeni kanionyesha kwenye simu picha ya kakaktasi kadogo kama kifungo cha koti, anasema kanaota milimani huko Argentina na kiangazi kanazama ardhini hukaoni tena. Ni kweli au alinipiga kamba? Na huku kwetu ipo? Maana ile miti ya Horombo kuna watu wanaiita kaktasi.
Msomaji, Moshi

JIBU: Hajakupiga kamba kaka. Hiyo ni Yavia cryptocarpa, inapatikana mkoa wa Jujuy, kaskazini kabisa mwa Argentina karibu na mpaka wa Bolivia, maeneo ya Yavi, na ndo jina lilipotoka. Wataalamu wameiandika rasmi mwaka 2001 tu, na sishangai, maana mmea wenyewe unajificha! Iko kwenye mita 3,700 hivi, yaani sawasawa na hapo Horombo unapolala na wageni wako.

Sasa inavyofanya ni hivi, shina kubwa liko chini ya udongo, juu unaona kichwa tu, bapa, sentimita 2 au 3, na vimiba vidogo visivyo na habari. Mvua kule zinanyesha kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, basi inakunywa inavimba, inatoa maua ya pinki katikati ya kichwa kwenye vinyoya. Mvua zikikata shina linanywea linarudi chini, mchanga na vikokoto vinafunika, unaweza ukaikanyaga na usijue. Jua kali haliipati sawasawa, na maji kidogo iliyonayo haiyapotezi ovyo. Na kule usiku wa baridi ni barafu kabisa, wewe unaijua hiyo.

Ila mimi kinachonimaliza ni tunda. Linakomaa ndani ya shina, huwezi kuliona, mpaka mmea unywee kwa ukame ndo linatokeza na mbegu zinatoka. Yaani kiangazi kilekile kinachoitesa ndo kinaizalisha.

Halafu kama kaktasi nyingi inafungua vitundu vyake vya hewa usiku, mchana inafunga, hivyo maji hayatoki sana.

Kuhusu Horombo, hapana, ile siyo kaktasi, ni Dendrosenecio kilimanjari, huyo ni ndugu wa alizeti ukitaka kujua. Na ile mimea minene ya miba ya huku tambarare inayotoa maziwa, nayo siyo, ni ukoo wa mnyaa, na hayo maziwa yakiingia jichoni utajuta, tahadhari sana. Kaktasi ya kweli ukiiangalia vizuri, miba inatoka kwenye vidoa vyenye manyoya, siyo moja kwa moja kwenye ngozi ya shina. Ya asili Afrika ni moja tu, Rhipsalis baccifera, inaning'inia juu ya miti msituni, haina miba ikikomaa, ina vitunda vyeupe vidogo, ndege wanavila. Usambara ipo. Dungusi kakati zile za kwenye wigo zililetwa kutoka Amerika.

SWALI: Nakusanya kaktasi hapa Nairobi, nimeona mtu anauza Yavia onlaini, ninunue?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Muulize kwanza imetoka wapi. Kaktasi karibu zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama pori, kwa hiyo mche kutoka nje lazima uje na kibali, na iliyong'olewa mlimani usiiguse hata akikupunguzia bei, eneo lake lenyewe ni dogo mno. Tafuta iliyooteshwa kwa mbegu. Nyingi za wafugaji wa kaktasi ni za kubebesha juu ya shina la kaktasi nyingine, hizo zinakua fasta na ni rahisi kutunza ila zinanenepa na hutaiona ikizama, so kama unataka hiyo sinema chukua ya mzizi wake, iweke kwenye changarawe nyingi, udongo kidogo, na ikianza kunywea acha kumwagilia, haijafa.