Spidi ipo ila simu inakatakata: majibu ya maswali yenu

Nikipima spidi napata megabiti 50 ila nikipiga simu ya vidio sauti inakatakata, shida nini?

Shida sio spidi, ni foleni. Simu ya sauti ya G.711 (njia moja ya kugeuza sauti kuwa data) inakula kama kilobiti 80 tu kwa sekunde, kidogo sana, ila inatuma pakiti, yani vipande vidogo vya data, 50 kila sekunde na zote zinatakiwa zifike kwa mwendo ule ule, na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inashauri kuchelewa kwa upande mmoja kusizidi milisekunde 150. Sasa mwenzako hapo ndani akianza kupandisha faili kubwa pakiti zake zinajaa kwenye bafa ya ruta (sehemu pakiti zinaposubiri zamu ya kutumwa), zako zinakaa nyuma zinasubiri. Piga hesabu mwenyewe, bafa ya megabaiti 1 ikijaa kwenye laini inayopandisha megabiti 8 kwa sekunde, pakiti inayoingia mwisho inasubiri sekunde nzima!!

Lakini bafa si inasaidia pakiti zisipotee?

Inasaidia, ikiwa ndogo. TCP, kanuni inayotumika kusafirisha mafaili mtandaoni, inajua laini imejaa pale pakiti inapopotea, ndo inapunguza mwendo, sasa ukiiwekea bafa kubwa haipati hiyo taarifa mapema, inaendelea kusukuma tu na foleni inazidi kurefuka. Mwaka 2012 wataalamu wa mitandao Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, njia ya kusimamia foleni kwenye ruta, na mi naona ni kazi nzuri mno, manake haihesabu pakiti ngapi ziko kwenye foleni, inaangalia zimesubiri muda gani, zikizidi milisekunde 5 kwa kipindi inaanza kudondosha. Ikaja FQ-CoDel inayotenganisha foleni kabisa, ya simu peke yake na ya faili peke yake. Kwenye ruta yako tafuta setingi ya SQM (ya kusimamia foleni kwa njia kama hizi), kama ipo iwashe leo.

Nikiwasha spidi itaongezeka?

Hapana, itapungua kidogo. Unaiwekea kikomo chini kidogo ya spidi halisi ili foleni ikae kwenye ruta yako unayoitawala, sio kwenye modemu.

Kuna mtandao unaoweza kutoa garantii kabisa kwamba simu haitakatakata?

Walijaribu. RSVP, kanuni ya 1997, ilikuwa inaomba nafasi kwenye kila ruta njiani kabla hujaanza kutuma, ni wazo safi, ila kila ruta ilibidi ikumbuke kila mawasiliano yanayopita na kwenye intaneti nzima hiyo haibebeki. 1998 ikaja DiffServ, njia ya kugawa pakiti kwa kipaumbele, hii inaweka alama tu ya biti 6 kwenye kichwa cha pakiti, sauti kawaida inapewa alama namba 46, na ruta zinaihudumia kwanza. Ila alama hiyo inaheshimiwa ndani ya mtandao uliokubali, ikivuka kwenda kwa kampuni nyingine inaweza kufutwa. Halafu watu wengi hawapendi kusikia hili: garantii ya kweli lazima kuna mtu akataliwe kuingia, yani laini inayobeba simu 10 ukiruhusu ya 11 zote zinaharibika. Kila mtu akipewa kipaumbele hakuna mwenye kipaumbele.

Si tuongeze tu laini?

Kwenye mitambo mikubwa ya katikati ndo wanavyofanya na inafanya kazi. Kwako, faili moja la TCP litaijaza laini yoyote utakayonunua, anza na foleni.