Re: Kwa nini shajara inanizidishia mawazo?

Mkuu, umesema unaandika kila usiku kuhusu ugomvi uleule na unaamka mzito zaidi. Shida ni kurudia: kisa kilekile, maneno yaleyale, kila siku. Huko ni kucheua mawazo, si kujichunguza.

Jaribu utaratibu wa watafiti wa saikolojia James Pennebaker na Sandra Beall, uliochapishwa Marekani mwaka 1986: dakika 15, siku 4 mfululizo, basi. Andika bila kusimama, tahajia achana nayo. Ukikwama, rudia sentensi ya mwisho mpaka nyingine ije. Weka kilichotokea pamoja na ulivyojisikia. Ukiandika matukio matupu utapata ripoti ya polisi tu.

Siku ya 3 na ya 4 geuza upande: yule mwingine alikuwa anaona nini? Uchambuzi wa baadaye wa maandishi ya aina hii ulionyesha kuwa walionufaika zaidi ni wale ambao maneno ya sababu na ya kuelewa, kama "kwa sababu" na "sasa naona", yaliongezeka siku hadi siku. Siku ya 4 yahesabu maneno hayo kwenye karatasi zako. Yasipoongezeka, badili mada, usiongeze siku.

Huzuni kupanda mara tu ukimaliza ni kawaida, kwa hiyo andika jioni mapema, si kitandani. Ukishahesabu siku ya 4, chana karatasi. Ukihofia mwenzako ataisoma utaishia kujitetea.

Kama una msiba wa juzijuzi, usiuandike kwanza. Yakija mawazo ya kujidhuru, simama hapo hapo na umwone mtaalamu wa afya ya akili.