Asali ile ile, vipimo viwili

SWALI: Ndugu Mhariri, nafuga nyuki Mufindi. Refraktomita yangu, chombo cha kupimia maji katika asali kisichojirekebisha kwa joto, huonyesha asubuhi yenye baridi kwamba asali ni kavu kuliko inavyoonyesha mchana. Nishike kipimo kipi?
Mfugaji, Iringa

JIBU: Ndugu mfugaji, shika vyote viwili, ila baada ya kuvisahihisha. Refraktomita haipimi maji moja kwa moja, bali hupima jinsi mwanga unavyopinda unapoingia kwenye asali, na kimiminika kinapopoa hujikaza na kuupinda mwanga zaidi, hivyo asali huonekana kana kwamba ina maji machache. Majedwali ya asali yametungwa kwa nyuzijoto 20 za Selsiasi, ambapo kipimo cha upindaji wa mwanga cha 1.4915 ni maji asilimia 18 na 1.4890 ni asilimia 19. Kwa kila nyuzi moja chini ya 20 punguza 0.00023, juu yake, ongeza kiasi hicho hicho. Ukisoma 1.4915 katika nyuzi 12, kipimo halisi ni takriban 1.4897, yaani maji yanakaribia asilimia 18.7, na tofauti hiyo si ndogo kwa anayehofia asali kuchacha.

Usikihakiki chombo cha asali kwa maji safi, kwa kuwa 1.3330 ya maji kwa kawaida iko nje ya skeli yake. Tumia mafuta maalumu ya kuhakikia. Wala kisikupe imani kwamba asali haikuchanganywa: shira ya sukari iliyokolezwa vizuri inaweza kutoa kipimo kile kile.