Kuku aliyechinjwa na mwanamke analiwa: mimi nachinja mwenyewe mwaka wa 12 sasa

Waalaykum salaam dada uliyeuliza. Umesema mume yuko safarini, kuku wawili wamefungwa miguu jikoni, wageni wanafika kesho mchana, na mama mkwe amekwambia kuku wa mwanamke haliwi, usubiri apite mwanamume njiani. Chinja dada yangu. Mle wote, na mama naye ale.

Nafuga na kuuza kuku hapa Tanga, na haupiti mwezi bila mteja kuniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, nani kachinja?" Nikisema ni mimi, wapo wanaomrudisha kuku. Inaniuma, kwa sababu suala hili lilishaulizwa na kujibiwa tangu enzi za Mtume (s.a.w.). Kijakazi wa Ka'b bin Malik alikuwa akichunga kondoo kwenye mlima wa Sal', pale Madina. Akaona mmoja yuko katika kukata roho, akavunja jiwe, akamchinja nalo. Ka'b akawaambia watu wa nyumbani wasile mpaka Mtume aulizwe. Alipoulizwa, akaamuru aliwe. Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari. Aliyechinja ni mwanamke, yuko peke yake malishoni, hata kisu hana! Wasiwasi wa mama mkwe wako hauko mbali na ule wa Ka'b.

Hata mimi nimelelewa hivyohivyo. Nyumbani kwetu Ngamiani mama alikuwa akikaa barazani, kuku kamshika mkononi, anangoja. Akipita mwanamume yeyote, hata asiyemjua, "Baba, nisaidie kunichinjia." Mkesha mmoja wa Idd hakupita mtu hadi magharibi ikakaribia. Mama akamwita mtoto wa jirani, wa miaka minane. Kisu ni kile cha kukatia vitunguu. Mama kakanyaga mbawa, mimi nashika kichwa, mtoto anakereza, anakereza, huku mkono unamtetemeka. Kuku akachoropoka, akakimbia uani damu zinamtoka, akatumbukia kwenye pipa la maji. Tulipomtoa alishakufa. Mjomba wangu, aliyekuwa akisomesha madrasa, akafika, akampindua shingo kwenye mwanga wa kibatari. Ngozi imechanika, lakini koo la hewa zima. "Huyu kibudu. Kafa maji." Kuku wa Idd tukamfukia. Kisha akamgeukia mama: "Kwa nini hukuchinja wewe?" Mama hakuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba inafaa.

Mjomba ndiye aliyenifundisha. Noa kisu mpaka kipite kwenye karatasi bila kuivuta. Shaddad bin Aws amepokea kutoka kwa Mtume, na Muslim ameisimulia, kwamba mchinjaji anoe kisu chake na ampe raha mnyama wake. Kinolee mbali na kuku, na usimchinje mmoja mwenzake akitazama. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, umwelekeze kibla, kanyaga mbawa kwa mguu mmoja na miguu yake kwa mwingine. Vuta kichwa nyuma, nyonyoa manyoya machache kooni uione ngozi. Ukipapasa utakiona kifundo kigumu. Kisu kipite chini yake, kifundo kibaki upande wa kichwa. Watu wengi hukosea hapo. Sema "Bismillahi Allahu Akbar", kata mara moja kwa uzito. Katika madhehebu yetu ya Shafi, faradhi ni koo la hewa na koo la chakula vikatike vyote viwili. Mishipa ya pembeni ni sunna, na kisu kikali kinavikata vyote pamoja. Bismillahi kwetu ni sunna, lakini kwa madhehebu mengine ni wajibu, kwa hiyo usiiache. Mkono ukizidi na kichwa kikatoka chote, ni makruhu, ila kuku ni halali.

Kuhusu hedhi, maana najua litaulizwa: haizuii kuchinja.

Sasa nina jambo linalonitia hofu kuliko hilo la nani kachinja. Sokoni kuku wanachinjwa na wanaume, hakuna anayeuliza kitu, na wengi wa wachinjaji wanajua kazi yao. Lakini siku ya foleni kubwa nimeona kuku akipitishwa kisu mbiombio, akatupwa kwenye ndoo, na kabla hajatulia akatiwa kwenye sufuria la maji ya moto ili manyoya yatoke. Nimemwona mmoja akipepesa jicho mle ndani. Kama makoo yamekatika sawasawa, amechinjwa, ila ameteswa. Kama kisu hakikufika na roho imetolewa na maji, huyo ni nyamafu, na Surat al-Maida aya ya 3 imemtaja nyamafu pamoja na damu na nguruwe. Mnunuzi anaondoka na mfuko wake, hajui. Ndiyo maana nasema simama pale, tazama shingo, mwambie kijana angoje kidogo.

Mimi nangoja kuku aache kupapatika, kisha naligusa jicho kwa kidole. Likipepesa, bado. Halafu ndipo maji, na baada ya kunyonyoa namwosha kwa maji mengine safi, kwa sababu yale ya sufuria yana damu na kinyesi.

Kesho mwite mama asimame karibu yako. Ukimaliza, mwonyeshe yale makoo mawili yalivyokatika. Na hicho kisu kama ni butu, mpelekee mnoaji leo hii, maana asubuhi mambo yatakuwa mengi.