Re: Shangazi hakuzaa, je mifupa yake iko salama? USIMCHUE

Usimchue. Huyo fundi uliyesema anakuja jioni mpigie sasa hivi abaki kwake, akidai nauli mrushie kwenye simu yaishe.

Yani nimesoma ulichoandika nikapata hasira kabisa. Shangazi ana miaka 66, kateleza bafuni, kinena kinamuuma akikanyaga, zahanati wamepiga eksirei wakasema haina kitu, na kwa vile hakuzaa na alitolewa kizazi pamoja na ovari, yaani vifuko vya mayai, akiwa na miaka 39 mmeshahukumu kwamba mifupa yake ni mizima, "haikuliwa na watoto". Sasa unauliza akandwe au anywe supu ya kongoro, kalsiamu ipi na mkongojo gani. Mkuu, kwetu ilianza hivyo hivyo kwa mama mkubwa.

Naye hakujaliwa mtoto, naye kizazi na ovari vilitolewa mapema sababu ya uvimbe. Alipoanguka aliendelea kutembea kwa kuchechemea, na hapo ndipo tulipoliwa, maana shingo ya paja inaweza kuvunjika ikabaki imejibana palepale, mtu anakanyaga kwa taabu na eksirei ya kwanza isionyeshe kitu. Dada wa duka la dawa akatuambia kwa kujiamini kabisa, wenye shida ya nyonga ni waliozaa wengi, huyu mkandeni tu. Sijui alisomea wapi huyu dada, ila dawa ya kuchua alikuwa anaiuza yeye.

Mchuaji akaja, mzee wa heshima zake, akasema mshipa umehama. Akapaka mafuta, akavuta mguu. Mama mkubwa alipiga ukelele majirani wakadhani tumefiwa, mzee anasema "haya, umerudi". Umerudi wapi! Tulipomlaza vizuri mguu ulikuwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umelalia nje. Na aliyekuwa amemshika mabega asitikisike ni mimi, na hela ya soda nikamwongezea, mtoto mwema sana mimi. Mfupa ambao huenda ungeshikwa kwa skrubu ukawa wa kukata kichwa cha paja na kuweka cha chuma, kiwanja kikauzwa, na kabla hata ya oparesheni alishaanza vidonda vya kulala.

Hayo mambo ya watoto kula mifupa mmeyageuza kichwa chini. Mama akinyonyesha madini ya mifupa yanapungua kweli, ila akiachisha mengi yanarudi. Kuna utafiti wa Marekani wa 2003, wanawake karibu elfu kumi wa miaka 65 kwenda juu, wasiozaa walikuwa na hatari ya kuvunjika nyonga kubwa zaidi kwa 44% kuliko waliozaa, na kwa waliozaa kila uzazi ulioongezeka uliipunguza kwa kama 9%. Walikuwa wazungu, sawa, lakini tafuta wewe unaosema kutozaa ni kinga. Halafu ovari ndizo zinazotoa estrojeni inayolinda mfupa, zikitolewa kabla ya wakati wake inashuka ghafla, kwa hiyo shangazi yako amekaa miaka 27 bila huo ulinzi na nyie mnasema mifupa mizima!

Bibi yeyote akianguka kinena kikauma ni wa hospitali, ila mimi sasa hivi sheria yangu ni moja, HEDHI ILIKATA NA MIAKA MINGAPI, nauliza hilo kabla mtu hajagusa mguu. Ikiwa chini ya 45, iwe yenyewe au kwa kisu, hesabu mfupa umevunjika mpaka picha ikatae.

Mpelekeni amelala, asikanyage hata kwenda chooni. Daktari asipouliza habari za ovari mwambie wewe, wetu hakuna aliyeuliza mpaka tulipofika kwa wa mifupa. Eksirei ikija safi tena na maumivu yapo, ombeni CT au MRI, zile picha za mashine kubwa zinazoona ufa ambao eksirei imeukosa, msikubali kurudishwa na panadol.

Upo mkoa gani? Andika hapa, humu kuna watu watakwambia wapi mashine inafanya kazi.