Ukiweka msimbo wazi, utalipwa kwa lipi? Jibu kutoka Mwanza

Ndugu mleta uzi, umeeleza kwamba umetengeneza programu ya kutunza hesabu za stoo na ungependa kuifanya ya chanzo huria, ila unahofia kwamba ukigawa bure msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu, utakuwa umejifungia riziki. Mimi nina mwaka wa sita katika shughuli hiyo hapa Mwanza, na makosa mengi unayoyahofia nimekwisha kuyafanya.

Programu yangu ilianzia Mwaloni, Kirumba, ambako wafanyabiashara wa dagaa hutoa mzigo kwa mali kauli: mnunuzi huchukua magunia leo, hulipa akishauza, na deni hubaki kwenye daftari ambalo mvua moja tu inatosha kulifuta. Niliandika programu ya simu inayotunza idadi ya magunia, bei na madeni hata pasipo mtandao, kisha hupeleka kumbukumbu kwenye seva mtandao ukirudi. Mwaka wa pili niliuweka msimbo wazi, nikaomba michango ya hiari, nikiamini kwamba mtu aliyeridhika hatashindwa kuchangia. Kwa mwaka mzima nilipata fedha zisizofikia gharama ya seva ya miezi mitatu. Sikumlaumu mtu. Mwenye mzigo kutoka Ukerewe hulipa ushuru, nauli na wapagazi kwa sababu asipolipa mzigo hausogei, ilhali mimi nisipolipwa programu yake iliendelea kufanya kazi kama kawaida.

Usidhani huo ni ugumu wa mikono ya watu wetu peke yao. OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani, ilikuwa ikipata michango ya takriban dola 2,000 tu kwa mwaka hadi dosari ya Heartbleed ilipotangazwa Aprili 2014, ndipo kampuni kubwa zilizokuwa zikiitumia bure zikachangishana kupitia shirika la Linux Foundation.

Kwangu mambo yalibadilika siku mnunuzi mmoja mkubwa, mwenye maghala katika mialo kadhaa, alipokwama wakati wa kufunga hesabu za mwezi. Nilimwambia nitakuja, lakini kwa ankara. Mhasibu wake hakuuliza msimbo ni wa nani wala kwa nini alipe kitu kinachopatikana bure. Aliuliza nitafika saa ngapi. Tangu hapo ninauza mkataba wa mwaka unaohusu matengenezo, nakala za akiba na mafunzo ya makarani, na ndani yake nimetaja muda ambao lazima niwe nimeitika wakipiga simu. Wenye mikataba ni tisa. Wachuuzi wadogo wanaendelea kutumia bure, nao ndio wanaonionyesha dosari mapema kuliko mtu yeyote.

Katika mkataba, usisahau kifungu kinachosema kwamba kila nyongeza anayoilipia mteja itaingia katika msimbo wa wote. Mimi nilikisahau. Taasisi moja ilinilipa miezi minne kutengeneza sehemu ya ripoti, kisha ikadai kwamba sehemu hiyo ni mali yake, nami nikalazimika kuiandika upya kuanzia mwanzo bila malipo.

Leseni, yaani masharti ya kuutumia msimbo, nilichagua AGPL, kwa sababu anayeiboresha na kuitoa kama huduma ya mtandaoni analazimika kuwapa watumiaji wake msimbo alioubadilisha. Kama unafikiria kuuza pia leseni ya kibiashara kwa wasiotaka masharti hayo, kubaliana na wachangiaji mapema, maana hakimiliki ya walichoandika ni yao hadi wakuruhusu. Ruzuku zinafaa kujengea kitu kipya. Ya kurekebisha kilichopo sijawahi kuiona, labda wewe una bahati.

Jambo ambalo ningelifanya mapema zaidi ni kumlipa mtu wa pili. Mwaka 2024 iligundulika kwamba mtu aliyejenga imani ya msimamizi wa xz, programu ya kubana mafaili, aliyekuwa amechoka na kuelemewa na kazi ya kujitolea, alikuwa amepenyeza mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu ndani ya programu hiyo inayotumika katika mifumo mingi ya Linux. Sasa theluthi ya fedha za mikataba inamlipa kijana mmoja wa Igoma anayepitia kila badiliko kabla sijalitoa, na nilipougua malaria mwezi wa tatu, simu za wateja zilipokewa na yeye.