Vidole vinakakamaa asubuhi

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 38, naishi Moshi. Miezi minne sasa vidole vya mikono yote vimevimba. Asubuhi kifungo cha blauzi kinanishinda hadi saa tatu. Kipimo cha damu cha RF, cha kutafuta baridi yabisi, hakikuonyesha kitu, nikaambiwa ni baridi ya mlima tu.

JIBU: Marahaba, pole sana. Baridi huzidisha maumivu, haivimbishi vidole miezi minne. Dalili zako zinafanana na baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo, na baadhi ya wagonjwa wa baridi yabisi RF yao huwa hasi. Omba vipimo vya damu vya anti-CCP, ESR na CRP, na eksirei ya mikono na nyayo, kisha rufaa ya hospitali ya KCMC. Usianze prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe, kwanza: uvimbe hunywea, daktari akakuta mkono mzima. Uvimbe huo upige picha kwa simu leo asubuhi, umwonyeshe.